Vyumba sita, mlango mmoja: mgahawa mpya ndani ya nyumba ya mawe

Kaa meza ya kwanza ya chumba kirefu Ijumaa usiku, utazame mlango wa jikoni. Mhudumu anakuja na trei ya sahani nne. Akifika mlangoni anapunguza mwendo, anajipinda ubavu, anasukuma upande mmoja wa mlango kwa kiwiko, anainua mguu kuvuka kizingiti cha sentimita 14, anaushusha ng'ambo bila kuona anapokanyaga, ndipo anaendelea na safari. Mwenzake anayerudi na vyombo vichafu kajibana ukutani anamsubiri. Chakula cha vyumba vitano kati ya sita kinapita hapo.

Mgahawa huu umo ndani ya nyumba kongwe ya Mji Mkongwe, Unguja, na mwenyewe ameomba jina lisiandikwe mpaka amalize marekebisho. Tunachopima hapa ni kazi ya ndani tu: kuta, samani, taa, hewa, sauti na njia. Mapishi yana wakaguzi wake. Na tuseme mapema: ukikichukua kila chumba peke yake, mafundi wamefanya kazi nzuri kuliko migahawa mingi ya mji huu. Kazi ililegea pale vyumba vilipotakiwa viwe mgahawa mmoja.

Kwanza la kusifu. Hawakubomoa ukuta. Nyumba za mawe zina vyumba virefu na vyembamba kwa sababu dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko kwa kawaida haivuki zaidi ya mita 2.8 hivi. Ukuta ulio katikati ya vyumba viwili ndio unaobeba vichwa vya boriti za pande zote mbili. Kila anayefungua mgahawa anautazama ukuta huo kwa jicho la husuda: ukiuondoa, unapata ukumbi mmoja mpana. Ukiuondoa, unapata pia dari la chokaa na mawe, lenye tani kadhaa, lisilo na pa kukaa. Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kihistoria la mji huu, iporomoke Desemba 2020, somo hilo halihitaji mwalimu. Tena Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, na mabadiliko ya jengo yanahitaji idhini ya mamlaka ya hifadhi. Kwa hiyo vyumba vimebaki sita: mapokezi, chumba kirefu, ua, chumba cha sinia, chumba cha familia ghorofani, na juu kabisa paa la kulia.

Chumba kirefu ndicho kilichofikiriwa zaidi. Kina upana wa mita 2.7 na urefu wa mita 9.5. Ukiweka katikati meza za watu wanne za sentimita 75, zenye viti pande zote, hesabu inakataa: kila kiti chenye mtu kinataka kama sentimita 50 kutoka ukingo wa meza, jumla 175, na kinachobaki ni chini ya nusu mita kila upande. Hapo hapiti mtu na trei. Walichofanya ni kujenga baraza, yaani benchi la kujengwa, upande mmoja wa ukuta, kina sentimita 50, kisha meza za sentimita 65 kwa 65 zikaingia juu ya ukingo wa baraza kwa sentimita 5, na upande wa nje kiti kimoja. Baraza, meza na kiti vinakula sentimita 160, njia inabaki 110. Sentimita 90 ni kiwango cha chini cha mhudumu kupita; 110 inamruhusu apishane na mgeni anayekwenda kunawa. Meza nane za watu wawili zimepangwa kwa nafasi ya sentimita 40 kati yake, na zikiungana zinakuwa meza za wanne au sita. Watu 16, hakuna anayegusana viwiko na jirani asiyemjua.

Sasa godoro la baraza, maana hapo ndipo mafundi wengi huumbuka. Meza ya kulia ina kimo cha sentimita 75, na mtu anatakiwa akae kwenye sentimita 45. Mwashi akiambiwa "baraza la kukalia" analijenga 45 barabara, anapokea pongezi, kisha anakuja mshonaji na sponji ya sentimita 10. Mgeni akikaa anajikuta kwenye 51 au 52, mapaja yanagusa ubao wa meza na anakula kama mtu mzima aliyekalishwa dawati la chekechea. Hapa wamejenga baraza kwa sentimita 40 na sponji ngumu ya sentimita 8, ambayo ikikaliwa inabonyea mpaka 5 hivi. Jumla 45. Tulikaa saa mbili bila kujigeuzageuza. Sponji laini ya bei nafuu ingebonyea mpaka mtu akalie zege, na baada ya miezi michache ingebaki na mashimo mawili kila meza. Foronya zina zipu upande wa nyuma, zinavuliwa na kufuliwa; mchuzi wa pweza haungoji mwisho wa mwezi.

Kuta ni kazi ya mtu anayezijua nyumba hizi. Lipu ya saruji iliyopakwa na wapangaji wa zamani imebanduliwa mpaka kimo cha mita 1.2, na badala yake imewekwa lipu ya chokaa, sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga uliooshwa chumvi, tabaka tatu nyembamba, kila moja ikiachwa ikauke polepole chini ya magunia yenye maji. Sababu yake ni hii. Ukuta wa mawe ya matumbawe unanyonya unyevu kutoka ardhini na una chumvi tumboni. Chokaa inauacha unyevu utoke. Saruji na rangi ya mafuta zinaufungia ndani, chumvi inaganda nyuma ya lipu, inavimba, na baada ya masika moja au mbili rangi inachanua mabaka kama mapunye. Kupiga rangi juu ya mabaka hayo ni kutupa fedha.

Chokaa nayo ina ubaya wake: ukiiegemea inakupaka. Mgeni aliyevaa koti jeusi akiondoka na mgongo mweupe hatarudi. Nyuma ya baraza wameweka egemeo la mbao za mninga mpaka kimo cha sentimita 90, limeachwa sentimita 2 kutoka ukutani ili ukuta uendelee kupumua. Safi kabisa. Ila kwenye chumba cha sinia fundi mwingine, au fundi yuleyule siku aliyochoka, amejenga ukingo wa matofali ya saruji ukiwa umegusana na ukuta moja kwa moja. Hata mwaka haujaisha na sentimita 30 juu ya ukingo huo chumvi imeshaanza kuota unga mweupe. Ukingo huo uvunjwe, ujengwe wa fremu ya mbao yenye nafasi nyuma.

Chumba hicho cha sinia ni wazo jema lililotiwa tamaa. Kina mita 2.8 kwa 5. Sakafuni mikeka miwili, mmoja juu ya mwingine, kisha magodoro membamba ya sentimita 10 na matakia ya kuegemea. Sinia la watu wanne lina kipenyo cha sentimita 60 hivi. Waliokaa wanahitaji kama sentimita 65 kila upande, kwa hiyo kila kundi linakula duara la karibu mita 1.9. Mawili yanaingia, na njia inabaki. Wao wameweka matatu. Kundi la tatu likijaa, mhudumu anafika kwa kuvuka miguu ya watu akiwa na birika la maji ya kunawa mkononi, na anayetaka kutoka anawasimamisha wenzake wanane. Viatu vinavuliwa mlangoni bila rafu, vinamwagika mpaka kwenye njia. Rafu ya ngazi nne yenye kina cha sentimita 30 ingetosha jozi 12. Toa sinia la katikati, weka rafu, na chumba hiki kitakuwa bora kuliko vyote.

Kunawa mikono kuna makosa ya kushangaza kwa mgahawa unaouza pilau na biriani. Beseni liko moja, ndani ya choo cha chini. Anayekula kwa mkono hapaswi kuingia chooni kabla ya chakula. Nyumba hizi zina nafasi tele chini ya ngazi na kwenye pembe za ua. Beseni la kimo cha sentimita 85, bomba la kufungulia kwa kiwiko, sabuni na taulo za karatasi, moja kila ghorofa. Mfereji wa maji machafu wa choo uko mita tatu tu kutoka pembe ya ua, kwa hiyo hata kisingizio cha bomba hakipo.

Ua una mita 4.2 kwa 5 na meza nne za watu wanne. Zamani ua huu ulikuwa pafu la nyumba: hewa ya joto inapanda na kutoka, ya baridi inavutwa kutoka vyumba vya kando. Kwa kuogopa mvua, wameufunika kwa karatasi za plastiki ngumu inayopitisha mwanga, zikapigwa misumari juu ya ukuta bila kuacha upenyo. Saa nane mchana pale ni tanuri, na joto likikosa pa kutokea linasukumwa chumba kirefu. Karatasi zenyewe si mbaya. Ziinuliwe sentimita 40 hadi 50 juu ya ukuta kwa nguzo fupi, ukingo wake utokeze nje nusu mita ili mvua ya upepo isiingie, na hewa itarudi kupanda yenyewe bila umeme. Sakafu ya ua, kwa bahati, ina mteremko mzuri wa sentimita moja kila mita kuelekea tundu la maji, kwa hiyo mvua itakayopenya kidogo haitatuama.

Taa. Mapokezi yana balbu nyeupe ya kelvini 6500, ile ya dukani. Chumba kirefu kina za 2700, njano ya joto. Uani kuna mchanganyiko. Mgeni anatoka mtaani usiku, jicho limezoea giza, anapigwa na mwanga wa hospitali, kisha anaingizwa chumba chenye kiza na anapapasa kiti. Mwanga kati ya chumba na chumba ushuke kwa ngazi, usitumbukie. Wanunue balbu zote za 2700 kwa mara moja, za mtengenezaji mmoja, zenye CRI (kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi halisi za vitu) ya 90 au zaidi iliyoandikwa kwenye boksi. Chini ya hapo samaki wa kuchoma anaonekana wa kijivu na kachumbari inapoteza wekundu wake. Jambo moja limepatia: nyaya hazikuchimbiwa ukutani. Zimepita ndani ya mabomba membamba ya shaba nyekundu chini ya boriti, na taa za kuning'inia zimeshuka mpaka sentimita 70 juu ya meza, kwa hiyo zinamulika sahani wala hazichomi macho. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zimewekewa taa ndogo ndani. Zinapendeza, ila nusu yake zipunguzwe.

Ghorofani, chumba cha familia, taa ziko juu ya pangaboi. Kila panga likipita linakata mwanga na chumba kizima kinapepesa. Watoto wanafurahi, wakubwa wanaumwa kichwa. Taa zishushwe chini ya panga au zihamie ukutani. Pangaboi lenyewe limefungwa kwenye boriti moja ya mkoko. Hilo si la kuachwa mpaka mwezi ujao: feni inatikisika mwaka mzima, na boriti kongwe huweza kuwa imeliwa na mchwa kwa ndani huku nje ni nzima. Lipitishwe bomba la chuma la kukingama, lililofungwa kwenye boriti tatu au nne, feni ining'inie hapo, na panga zisishuke chini ya mita 2.3 kutoka sakafuni.

Mengine ya chumba hiki ni mazuri. Pazia zito mlangoni, si mlango wa kufunga, kwa hiyo familia inapata sitara yake na mhudumu anaingia kwa kubisha hodi na bega. Meza ya watu kumi ni ya vipande viwili, ikitakiwa inagawanywa. Kuna kona yenye mkeka wa kuswalia na alama ya kibla.

Sauti ni suala la nyumba nzima. Chokaa ngumu, sakafu ya terazo, hakuna kinachomeza kelele. Boriti za dari zinasaidia kidogo kwa kuivunja sauti isirudi moja kwa moja, na magodoro ya baraza yanasaidia zaidi. Lakini watu 16 wakishachangamka, wa meza ya sita wanapiga kelele ili wasikiane, wa meza ya saba wanapandisha zaidi, na muziki unaongezwa kuwafunika wote. Wamejaribu kutundika kanga kwenye fremu. Kanga iliyonyooshwa ni pambo, haimezi sauti. Kinachomeza ni kitambaa kizito chenye mikunjo, upana wake mara mbili ya nafasi kinachoifunika, au sponji ya sentimita 5 iliyogundishwa chini ya kila meza, mahali asipoiona mtu. Miguu ya viti ivalishwe vipande vya ngozi au mpira, maana kukwaruza terazo kwa kiti cha mbao kunasikika mpaka mtaani. Na spika moja kubwa ya kwenye ngazi iondoke. Spika ndogo moja kila chumba, sauti ya chini.

Juu kabisa ni paa, viti 24, upepo wa Kusi na minara ya misikiti. Wageni wengi watataka kupanda huko, na mwenye mgahawa anajua. Tatizo ni ngazi 38 kutoka jikoni, mawe yenye kimo cha sentimita 22 kila moja, upana wa mtu mmoja. Pilau inavumilia safari hiyo. Pweza wa kuchoma na chapati hawavumilii. Kuna tundu la zamani la kupitishia mzigo nyuma ya ngazi, sentimita 60 kwa 60, limezibwa kwa mbao. Lifti ndogo ya chakula ya kuvuta kwa kamba na kapi ingeingia pale bila kugusa ukuta wowote. Tangi la maji la lita 1,000 nalo limekaa katikati ya dari. Likijaa ni tani moja juu ya boriti. Lisogezwe mpaka juu ya ukuta mnene, likalie mbao mbili zinazogawa uzito. Viti vya chuma vya huko juu tayari vina kutu kwenye skrubu. Karibu na bahari, skrubu za shaba au za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, si vinginevyo.

Turudi mlangoni. Ni mlango wa pande mbili, mfaa, ule ubao wa wima wa katikati, umechongwa maua, na hakuna mwenye akili atakayeung'oa. Ukifunguliwa pande zote una sentimita 108. Upande mmoja ni 54, na trei ni 40 bila kuhesabu mkono unaoibeba. Kwa nini basi upande wa kushoto haufunguliwi? Kwa sababu nyuma yake wameweka kabati la wahudumu: vijiko, leso, maji, mashine ya malipo. Kabati ni zuri, la mvule, droo zinateleza kwa kidole. Limewekwa hapo kwa kuwa ndipo palipokuwa na soketi ya umeme.

Kabati hilo likihamia mwisho wa chumba, karibu na mlango wa ua, litahudumia chumba kirefu na ua kwa pamoja, pande zote mbili za mlango zitafunguka na kushikwa ukutani kwa kulabu muda wote wa kazi, na wahudumu wataweza kupishana. Kizingiti kiwekewe mteremko wa mbao kila upande, usiopigiliwa msumari kwenye fremu: sentimita 115 za urefu zinatosha kwa trei na vigari vya vyombo, ingawa kwa mgeni wa kiti cha magurudumu zinatakiwa 168, na hizo zinakula meza ya kwanza. Meza hiyo iondolewe. Ukingo wa mteremko upakwe mstari mweupe, na taa ndogo iwekwe kimo cha goti.

Soketi mpya ni kazi ya nusu siku ya fundi umeme. Kabati linahitaji watu wanne, na droo zitolewe kwanza.